Bute: Mji wa Mbali Ulionifunza Kusoma Shilingi

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea mbele hebu tia mkono mfukoni utoe sarafu ya Kenya. Kama ni ya zile zilizotolewa Desemba 2018, upande mmoja utamwona mnyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini. Sasa igeuze. Hiyo ndiyo nembo ya taifa, simba wawili na mikuki yao, ngao katikati, na chini kabisa pana neno moja tu: Harambee.

Mimi nimelipa nauli na kununua sukari kwa pesa za nchi hii kwa zaidi ya miaka arobaini bila kulitazama neno hilo mara ya pili. Ilinibidi nisafiri hadi Bute ndipo nikalisoma.

Bute ni mji mdogo wa Wajir Kaskazini, katika eneo ambalo zamani tuliliita Mkoa wa Kaskazini Mashariki na ambalo makao yake makuu yalikuwa Garissa. Ukifika Buna bado hujafika; Bute iko mbele, karibu na mpaka wa Ethiopia. Wakazi wake karibu wote ni Waislamu, na katika kibaraza kimoja cha duka utasikia Kiborana, Kisomali na Kiswahili vikipokezana kama wachezaji wa bao.

Huko sikwenda kwa matembezi. Dada yangu ana mwana ambaye ni mwalimu Bute, Mkristo kama sisi wote katika ukoo wetu, na kila redio inapotaja Wajir mama huyo hushika kifua. Mwezi wa Julai aliniita nyumbani kwake Kayole, akanikalisha, akaniambia, "Mimi nikimwambia hucheka. Wewe ndiye mjomba wake. Nenda ukamlete."

Binti yangu, aliye Kidato cha Tatu, aliposikia safari hiyo naye akanitwisha mzigo wake. Shuleni kwao kulikuwa na mdahalo unaokuja, na mada ilikuwa kwamba jina la Mungu liandikwe kwenye pesa za Kenya. Yeye alikuwa amepangwa upande wa kupinga. "Baba," akasema, "huko karibu kila mtu ni Mwislamu. Waulize wao wanaonaje, maana huku tumekuwa tukijadiliana Wakristo kwa Wakristo."

Basi nikafunga safari na kazi mbili: kumtoa kijana, na kuuliza swali.

Mto wenye wimbo

Basi liliondoka Eastleigh alfajiri. Tulipita Thika na Mwingi, joto likazidi kadiri vilima vilivyobaki nyuma, na mchana tukawa juu ya daraja la mto Tana, Garissa ikitungoja ng'ambo.

Mto huu una sehemu yake katika kila gwaride la shule. Wimbo wetu wa taifa ulipotayarishwa mwaka 1963, tume ndogo ya wanamuziki, akiwamo kasisi Thomas Kalume, ilichukua sauti ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, watu wanaoishi kando ya Tana. Maneno yake ni dua. Lakini angalia dua hiyo ilivyotungwa: inamwita Mungu tu, haimtaji nabii wala mtume, msalaba wala kibla. Waliotunga walijua kwamba watakaosimama kuimba si wa nyumba moja ya ibada.

Garissa yenyewe imeonja machungu ya watu wasiojua adabu hiyo. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili yalivamiwa waumini wakiwa ibadani. Baada ya msiba huo viongozi wa Kiislamu waliafikiana kwamba vijana wao wasaidie kulinda makanisa. Tarehe 2 Aprili 2015 ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Garissa, wakafa watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri wa mpwa wangu.

Mbele ya Garissa lami na vumbi zilianza kupokezana, na vizuizi vikawa vingi. Kwenye kizuizi kimoja tuliteremshwa sote, kila mtu na kitambulisho chake mkononi. Askari alikitazama changu kwa muda wa kupepesa jicho. Cha kijana aliyekaa karibu nami tangu Nairobi, mwanafunzi wa uhandisi mwenye jina la Kisomali, alikigeuza mbele na nyuma, akamuuliza babake alizaliwa wapi, na babu je? Kijana alijibu taratibu, kama mtu anayesoma somo alilolirudia mara nyingi. Tuliporudi ndani nikamwomba radhi, ingawa sikujua naomba radhi kwa niaba ya nani. Akacheka. "Mzee, hii ni kawaida. Huku kwetu mtu akienda Nairobi tunasema anakwenda Kenya."

Mabasi ya barabara za Kaskazini Mashariki yana historia nyingine ambayo hakuna abiria asiyeijua. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa, abiria wakaamriwa kutamka maneno ya imani ya Kiislamu, na walioshindwa wakatengwa na kupigwa risasi. Watu 28 walikufa, miongoni mwao walimu wengi waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2015, basi jingine likavamiwa karibu na El Wak. Safari hii Waislamu waliokuwa ndani waliwapa Wakristo vitambaa vya kujifunika, wakakataa kutengana nao. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo, akafa hospitalini Januari 2016. Kisa hicho ndicho kilichozaa filamu ya Watu Wote.

Nikiwa nimeegemea dirisha la basi, swali la binti yangu lilianza kupata uzito. Maneno yale walioamriwa kuyatamka si mabaya. Ni maneno matukufu ambayo mamilioni hulala na kuamka nayo. Ubaya uliingia yalipogeuzwa kitambulisho. Neno la dini likiwa sala hutuliza moyo, lakini likiwa kipimo cha nani apite na nani abaki, linaweza kuua.

Wajir, mji wa visima na kumbukumbu

Tulilala Wajir. Asubuhi nilitembea kidogo nikiangalia punda wakivuta mikokoteni ya maji. Katika mji huu ndiko alikofanya kazi Annalena Tonelli, mwanamke Mkristo kutoka Italia aliyekuja Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960. Aliwatibu wafugaji kifua kikuu kwa kukaa nao karibu katika manyatta mpaka dawa ziishe, na mwaka 1976 akawa msimamizi wa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani kwa wagonjwa wanaohamahama. Baada ya maafa ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984, ambako wanaume wa jamii ya Degodia walizuiliwa na wengi wakauawa na askari wa serikali, yeye alikuwa miongoni mwa waliookota majeruhi na kuhakikisha dunia inajua. Hatimaye ilimbidi aiache Kenya. Aliuawa Borama, Oktoba 2003, akiendelea na kazi ile ile.

Nimemtaja kwa sababu wenyeji wa Wajir hawakumpenda kwa kuwa alibadili dini, alikufa Mkristo. Na wao walibaki Waislamu. Kati yao palikuwa na dawa, maji na ukweli.

Kutoka Wajir nilipata nafasi kwenye gari la kubebea bidhaa, mimi na magunia ya mchele. Njiani twiga watatu walisimama kando ya barabara wakitutazama kwa dharau, nami nikakumbuka shilingi moja. Mnyama huyu hakuwekwa pale kwa ajili ya watalii peke yao. Huku ni jirani.

Mazungumzo dukani

Mpwa wangu alinipokea jioni, amekonda kidogo, uso umeungua kwa jua, lakini macho yanacheka. Kila tuliyekutana naye alimwita Mwalimu. Wazee walimsalimia kwa Kiborana, "Nagaa," yaani amani, naye akajibu bila kusita. Nilianza kuona kazi yangu ya kwanza itakuwa ngumu.

Baada ya Isha tulikaa kibarazani mwa duka la mzee mmoja aliyehiji, ambaye kijana humwita Haji. Ililetwa chai ya maziwa ya ngamia, nzito, yenye moshi kidogo. Hapo nikatoa sarafu ya shilingi ishirini, nikaliweka mezani swali la binti yangu.

Wa kwanza kusema alikuwa mpwa wangu, na aliyoyasema sikuyatarajia. "Mjomba, hata neno lililopo sasa lina maneno. Kule nyumbani tulikuwa na mhubiri aliyetukataza vijana kutamka Harambee. Alisema ni jina la sanamu."

Madai hayo si mageni nchini. Wako wanaoshikilia kwamba vibarua wa Kihindi waliojenga reli kuanzia mwaka 1896 walikuwa wakimwita mungu wao wa kike, Ambe, wanaponyanyua vyuma, na kwamba wito wao ndio uliogeuka kuwa Harambee. Wengine husema ni sauti ya wapagazi na mabaharia wa pwani wakivuta kitu kizito kwa pamoja. Wataalamu hawajamaliza ubishi huo. Linalojulikana ni kwamba Mzee Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa mwaka 1963, na kwamba Wakristo kadhaa wamelipinga kwa hofu ya kumtaja mungu wa watu wengine.

Haji aliichukua sarafu, akaisogeza karibu na taa. "Mimi siabudu ila Mungu mmoja," akasema. "Neno hili nimelitamka nikichanga pesa za harusi, nikichanga pesa za kuchimba kisima, nikichanga karo ya yatima. Miaka yote hiyo halijaniomba nisujudu."

"Na likiwekwa jina la Mungu badala yake?" nikamuuliza.

Alitikisa kichwa mara moja. "Hapana. Jina hilo sitalitia mfukoni nikaingia nalo chooni. Na je, askari akipokea kitu kidogo barabarani, atakuwa amepokea na jina la Mola wake?"

Sikuamini masikio yangu, maana hoja hiyo hiyo ilitolewa na rais wa Marekani. Mwaka 1907 Theodore Roosevelt aliondoa maneno ya kumtumaini Mungu kwenye sarafu mpya za dhahabu za nchi yake, akisema kuyaweka juu ya pesa kunakaribia kulidharau jina tukufu. Wananchi walikasirika, na mwaka 1908 Bunge likaamuru yarudishwe. Mwaka uliofuata Roosevelt akaja Kenya kuwinda simba. Laiti angefika Bute angepata mwenzake wa kunywa naye chai.

Mimi nami sikutaka kushindwa upesi. Nikamwambia, "Lakini Haji, Waislamu wa pwani yetu walifanya hivyo kabla ya Mmarekani yeyote." Nikamsimulia habari za Kilwa. Masultani wa kisiwa kile walipiga sarafu za shaba kwa karne kadhaa. Upande mmoja palikuwa na jina la sultani, kama vile Ali bin al-Hasan, na upande wa pili maneno ya Kiarabu yenye kina kinacholingana na jina lake, yakisema kwamba anamtumaini Mola mwenye fadhila. Marekani waliweka maneno yao kwenye sarafu kwa mara ya kwanza mwaka 1864, na kuyafanya wito rasmi wa taifa mwaka 1956.

Haji alifikiri huku akizungusha kikombe. "Sarafu ya Kilwa inasema nani anamtumaini Mungu?"

"Sultani."

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake."

"Basi huyo amesema yake. Sarafu ni yake na imani ni yake. Hii ya Kenya, akisema 'twamtumaini', anayesema ni nani?"

Ndugu msomaji, nilikuwa nimesafiri siku mbili kutafuta jibu, na jibu lenyewe likawa swali.

Hesabu ya majirani

Tukaanza kuwahesabu majirani wa Kenya, jinsi wanavyolijibu swali la mzee. Uganda ina dua katika nembo yake, kwa Mungu na nchi yangu, na nembo hiyo ipo kwenye sarafu zake. Hata hivyo Katiba yake ya mwaka 1995 inasema wazi kwamba nchi haitakuwa na dini ya serikali. Waganda Waislamu na Wakristo wamelizoea neno lao, maana Mungu aliyetajwa hakupewa dhehebu. Tanzania ikachagua Uhuru na Umoja. Ukivuka bahari, India ina maneno yanayosema ukweli ndio ushindao. Yametoka katika maandiko ya kale ya Kihindu, lakini Mwislamu na Sikh huyatumia bila kuulizwa anaswali wapi.

Kwetu Kenya, dibaji ya Katiba ya mwaka 2010 inaanza kwa kuutambua ukuu wa Mungu Mwenyezi wa viumbe vyote. Kisha Kifungu cha 8 kinasema kwa maneno machache kwamba hakutakuwa na dini ya serikali. Kuhusu pesa, Kifungu cha 231 kinakataza kuweka picha ya mtu binafsi kwenye noti na sarafu. Ndiyo maana wanyama wakachukua nafasi ya marais. Noti mpya zilipozinduliwa tarehe 1 Juni 2019, sanamu ya Mzee Kenyatta iliyo mbele ya jumba la KICC ilionekana humo, na suala hilo likafika mahakamani, ingawa noti zilibaki.

Mpwa wangu akauliza swali la kimwalimu. "Tukiandika Mungu, tutaandika yupi? Wazee wa Kiborana wasiosilimu humwita Waaqa. Kwetu wazee humwita Ngai. Wajaluo ni Nyasaye. Na wapo Wakenya wasioamini kabisa, chama chao kilisajiliwa mwaka 2016. Nao wananunua unga kwa shilingi hizi hizi."

Haji akaingia ndani, akarudi na kikopo cha bati. Humo mlikuwa na mkufu wa marehemu nyanya yake, na katikati ya mkufu sarafu kubwa ya fedha iliyotobolewa. Niliitambua. Ni dola ya Maria Theresa, malkia Mkatoliki wa Austria, yenye mwaka 1780, mwaka aliokufa. Ziliendelea kupigwa kwa vizazi vingi baada yake zikiwa na tarehe hiyo hiyo, zikatumika Uarabuni, Ethiopia na hata Zanzibar. Wahabeshi waliiita birr, maana yake fedha, na jina hilo likabaki kwa pesa za nchi yao hadi leo. Pembeni ya sura ya malkia pana herufi za Kilatini D na G, ufupisho wa maneno "kwa neema ya Mungu".

"Kwa hiyo, Haji," mpwa wangu akasema akitabasamu, "nyanya yako alivaa shingoni maneno ya Wakatoliki."

"Alivaa," mzee akajibu bila kutahayari. "Nyanya hakujua kusoma, alijua kupima. Fedha yake haikupungua uzito. Tena malkia huyo alikuwa mbali, hakututawala. Neno la mtu wa mbali halikusumbui. Neno la anayekutawala ndilo unalolisoma mara mbili."

Kisha akaigonga ile shilingi ishirini mezani. Alisema neno Harambee lilikuwa kwenye sarafu wakati sheria ya hali ya hatari ilipotumika huku tangu siku za kwanza za uhuru hadi mwaka 1991. Lilikuwepo wakati wa Wagalla. Lilikuwepo mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipopangwa mistari kuchujwa na kupewa kadi za ziada kuthibitisha uraia wao. "Sikulikataa neno," akasema. "Nilikuwa nangoja litimizwe."

Vyumba viwili

Usiku huo, tukiwa tumelala kwenye mikeka uani, nilimweleza mpwa wangu kilichonileta. Alinyamaza kwa muda. Nilimkumbusha shule ya msingi ya Qarsa, kaunti hii hii ya Wajir, ambako walimu wasio wenyeji waliuawa Februari 2018, na jinsi walimu wengi walivyohamishwa baada ya hapo, madarasa yakabaki matupu. "Mama yako halali," nikamwambia.

"Najua, Mjomba. Nami siku nyingine silali." Hakujifanya shujaa. Akaniambia pia jambo ambalo hajamwambia mama yake. Alipofika Bute mwenye nyumba wa kwanza alimkatalia chumba. Hakumtukana. Alisema tu kwamba hakodishi kwa mtu asiye Mwislamu. Kijana alikuwa na kodi ya miezi mitatu mkononi, taslimu.

"Ukafanyaje?"

"Haji alisikia. Akanipa chumba hiki tunacholala mlangoni pake. Siku ya kwanza akaniambia kwa nini." Mwana wa Haji alikuwa amekwenda Nairobi kusoma. Aliona tangazo la chumba, akapiga simu, akaambiwa aje. Alipofika, na mwenye nyumba akamwona na kusikia jina lake, chumba kikawa kimeshachukuliwa. Tangazo lilikaa mlangoni wiki mbili zaidi. Naye alikuwa na kodi mkononi, taslimu.

Nilikaa kimya nikizitazama nyota, ambazo Bute zina ukaribu usio wa kawaida. Shilingi za vijana wale wawili zilitoka benki kuu moja. Zilikuwa na wanyama wale wale na neno lile lile. Zote zilikataliwa, moja huku na moja kule, kwa sababu ya Mungu wa mwenye kuzishika. Sasa nieleze, tungeandika nini juu ya sarafu zile ili milango ile ifunguke?

Na hapa nataka nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba maandishi hayana maana. Yana maana kubwa, kwa kuwa serikali inaposema "sisi" juu ya pesa, mtoto wa Bute na mtoto wa Kayole wote wanajitafuta humo ndani. Asiyejiona hujiona mgeni kila anaponunua peremende. Ndiyo maana nakubaliana na Haji: jina la Mungu libaki kwenye ulimi wa anayemwamini, na pesa ya wote ibebe neno ambalo wote wanaweza kulitamka bila kumkana Mola wao. Lakini neno jema juu ya sarafu ni ahadi tu. Wahenga hawakukosea waliposema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Nilivyorudi

Asubuhi nilikwenda naye shuleni. Gwarideni mwanafunzi mmoja alisoma dua ya Kiislamu, mpwa wangu akasimama kimya ameinamisha kichwa. Kisha bendera ikapandishwa, wakaimba wimbo wa taifa, sauti ile ya mama wa Kipokomo anayebembeleza mwanawe, na hapo yeye ndiye aliyeongoza. Siku ya Jumapili, aliniambia, Wakristo wachache wa mji, walimu na askari, hukusanyika katika moja ya madarasa hayo, ufunguo wakiupewa na mwalimu mkuu, ambaye ni imamu mdogo wa msikiti. Mwezi wa Ramadhani mke wa Haji humwambia bintiye ampelekee Mwalimu chakula cha mchana, hali yeye mwenyewe amefunga.

Hata hivyo sikuondoka na moyo mweupe kabisa, wala sitaki kukudanganya, msomaji. Mwenye nyumba yule wa kwanza bado yupo, na hajabadili msimamo wake. Hatari ya barabara haijaisha. Mpwa wangu alikataa kurudi nami. Alisema ana wanafunzi wa Gredi ya Tisa ambao hawana mwalimu mwingine wa hisabati, na kwamba mtihani wao ukiisha ataketi na mama yake waamue pamoja. Sikumlazimisha. Siku hizi hulipa kodi kwa simu, pesa zisizo na nembo, ndovu wala neno lolote, na Haji huzipokea vilevile.

Wakati wa kuagana Haji aliitoa tena ile dola ya nyanya yake. Alitaka kujua nini kimeandikwa ukingoni, mahali ambapo kidole hupita na jicho halifiki. Nikaigeuza juani polepole. Kilatini changu ni cha kuokoteza, lakini maneno hayo mawili nilikuwa nayajua: haki na huruma. Nikamtafsiria. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa habari ya jamaa wa zamani. "Hayo," akasema, "yangefaa kila mahali."

Dada yangu aliponiona nashuka peke yangu alilia kidogo, kisha akaniuliza kama mwanawe anakula vizuri. Nilimweleza kuhusu mke wa Haji na sahani ya Ramadhani. Alinyamaza, halafu akaingia jikoni akafunga kifurushi cha majani ya chai na sukari, akaandika juu yake kwa kalamu nene: Mama Bute. Jina hakulijua.

Binti yangu naye alishindwa katika mdahalo wake, kwa kura chache. Waliounga mkono walizungumza vizuri sana juu ya Mungu, akasema, na ni vigumu kumshinda mtu anayezungumza vizuri juu ya Mungu. Lakini alipofika kwenye kisa cha vyumba viwili ukumbi ulinyamaza, na msichana mmoja wa Kisomali aliyekaa nyuma, ambaye muhula mzima hakuwahi kuchangia, akanyoosha mkono.